Mke Mwenza wa Bibi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Itikia kwa sauti hata kama uko peke yako barazani, maana mimi nimeitamka kwa mdomo kabla ya kuiandika. Goti linaendeleaje? Uliniambia ile dawa ya kuchua inanuka kuliko ugonjwa wenyewe, lakini nakuomba usiache kuipaka. Afadhali kunuka ukitembea kuliko kunukia ukiwa umelala. Na wapangaji wako wanakupa amani? Yule fundi cherehani wa chumba cha mwisho bado anabishana na wewe kuhusu zamu ya kufagia ua? Usimwonee, mama, miguu yake ndiyo kazi yake. Mimi huku ni mzima wa mwili, nakula na ninashiba. Moyo ndio umekosa pa kukaa, na huo ndio ulionikalisha kuandika.

Najua utauliza kwa nini Kiroboto wako anaandika barua wakati simu anayo. Mama, tunajuana. Kwenye simu ningefika sentensi ya pili ungesema mtandao unasumbua, ukakata. Barua haikatiki. Nimempa kaka aje nayo kwenye lori lake akukabidhi mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka uimalize, hata ukimtuma dukani. Yeye hajui kilichomo. Basi vuta kiti ukae, uisome polepole.

Unakumbuka nilipokuambia saluni yetu imepata kazi ya serikali, ukacheka na kuniuliza tangu lini serikali ikawa na nywele. Sasa nitakueleza. Lile gereza kongwe la nyuma ya stendi, lenye ukuta mrefu uliojaa vipande vya chupa juu, linageuzwa kuwa makumbusho. Upande wa wanawake kuna vyumba walimokuwa wakikaa waliohukumiwa kunyongwa kwa kosa la kuua, enzi hizo za zamani. Wamechonga sanamu za wanawake hao, wakazivalisha magauni ya kifungo, wakazibandika nywele za kweli, ila nywele zilikuwa timutimu. Msimamizi wa makumbusho ni mama mpole ambaye sote tunamwita Miwani, na mwenyewe anaitika. Alikuja saluni akasema anatafuta mtu wa kusuka kizamani, mistari ya mkono mtupu, bila rasta wala mapambo. Wenzangu wote wakaninyooshea vidole. Hapa kazini jina langu ni Twende Kilioni, kwa sababu ya ile mistari ya kurudi nyuma aliyonifundisha bibi. Wananicheka, lakini wateja wazima wazima wananitaka mimi.

Nikaenda. Vyumba vyenyewe ni vitatu vilivyoshikana, vidogo, rangi ya ukutani imebanduka kama ngozi iliyoungua. Kila mlango una tundu la jicho. Taa haikuzimwa humo hata mara moja, wanasema, ili askari aone kila kitu. Ukitoka nje unakuta kiua cha saruji ambacho ukinyoosha miguu mara chache umekimaliza, na kwenye ukuta wake kuna vibao vya bati vyenye namba tupu. Hapo ndipo walipozikwa. Sheria ya wakati ule ilisema aliyenyongwa harudishwi kwa watu wake. Anafukiwa hapo hapo, anapewa namba. Sasa kiua kitachimbuliwa ili wageni wa makumbusho wapate pa kuegesha magari. Miwani alinieleza kwamba mifupa itakabidhiwa kwa ndugu watakaojitokeza kabla ya mwezi huu kwisha. Wasio na mtu watafukiwa pamoja katika shimo moja kwenye makaburi ya manispaa. Nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za watu asiowajua. Nikasema masikini, nikaendelea kupaka mafuta kwenye chanuo langu.

Miwani alinisimulia makosa yao nikiwa nasuka. Mmoja alimtilia sumu tajiri wake. Mwingine alimzamisha mtoto wa jirani kwenye pipa. Wa tatu, huyo niliyekuwa nimemshika kichwa, alimpiga mumewe mchi wa kinu akiwa amelala. Nikakukumbuka wewe. Nilikumbuka yule mpangaji muuza vitambaa, aliyekuwa mtaratibu mpaka ukamsifia kwa majirani, na siku uliyosikia kwamba aliwahi kufungwa kwa kumuua shemeji yake, ukatoa godoro lake nje wewe mwenyewe. Ulisema mkono ulioua hautachota maji kwenye bomba lako. Nilicheka peke yangu mle chumbani, nikawaza kwamba mama angeniona leo nachana nywele za wauaji, angelichemsha chanuo langu pamoja na mikono yangu. Mama, sikujua ninachokicheka.

Siku ya pili Miwani alimleta mwanamke mmoja mzee sana, askari jela mstaafu, ili awasahihishe pale walipokosea. Tulimwita Mama Funguo. Anatembea na mkongojo na macho yamefifia, lakini sauti yake bado inaamrisha. Aliingia akasema kitanda kilikaa upande ule na si huu, ndoo iwe pembeni, blanketi likunjwe hivi. Watu wazima tukawa tunasogeza vitu mbio kama wanafunzi wanaokaguliwa. Kisha akaja kwangu, akapitisha vidole juu ya kichwa cha sanamu, akasema nimekosea kabisa.

Nilikuwa nimesuka kama bibi alivyonifundisha, mistari ya kurudi nyuma na ncha zikalala kisogoni. Mama Funguo akasema hakuna mwanamke aliyetoka katika chumba kile nywele zikiwa shingoni. Siku moja kabla, alisukwa mistari ya kwenda juu, nywele zote zikakusanywa utosini na kufungwa, shingo ikaachwa wazi, ili kamba isikutane na kitu. Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeeleza namna ya kupanga vyombo. Mimi, kwa huu mdomo wangu ambao wewe husema unatangulia kichwa, nikajibu kwamba mistari ya kwenda juu siijui, kwa kuwa bibi aliyenifundisha kazi alinikataza. Nikijaribu tu, alikuwa akinipiga kofi la mkononi.

Wewe unalijua hilo, mama. Siku ile ya picha ya shule, jirani alinisuka nywele zikasimama juu kama taji, nikajiona malkia. Bibi akanikuta getini, akazifumua pale pale barabarani huku akilia, na picha nikapigwa nikiwa kichwa wazi kama kuku aliyenyonyolewa. Uliniambia nimsamehe, ni uzee. Nikikumbuka vizuri, bibi hakuwa mzee wakati ule.

Mama Funguo akakaa kwenye kitanda, kando ya sanamu. Akaniuliza bibi yangu aliitwa nani. Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akasema hakuwahi kumjua mtu wa jina hilo, na mimi bila kujua sababu nikashusha pumzi. Halafu akauliza kama vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimeshikana kwa kuungua moto, na kama akisuka alikuwa akibana chanuo kwenye meno na kuimba kwa pua. Nikakaa chini sakafuni, mama. Miwani alifikiri nimezidiwa na joto, akakimbilia maji.

Sasa nakuomba uvumilie, maana nitasema bila kuzunguka mbuyu. Bibi hakuwa mfuaji wa hospitali kama alivyotuambia. Bibi alikuwa mfungwa katika gereza lile, na jina tulilomzika nalo alilichukua baada ya kutoka. Wewe ulizaliwa humo ndani. Ile nyumba kubwa ya utoto wako uliyokuwa ukitusimulia, yenye ukuta mrefu na kamba za mashuka meupe na mashangazi wengi waliokubeba kwa zamu, ndiyo hiyo hiyo. Mashuka yalikuwa ya hospitali kweli; wafungwa ndio walioyafua. Bibi alikuambia nusu ya ukweli na nusu akabaki nayo mwenyewe.

Babu, fundi wa mapaa, hakuanguka kutoka juu ya paa kama tulivyoambiwa. Ndiye yule mume aliyepigwa mchi. Na alikuwa na wake wawili. Bibi alikuwa mke mdogo, msichana tu aliyeletwa ili azae, kwa sababu mke wa kwanza, ambaye wote walimwita Bi Mkubwa, hakujaliwa mtoto. Kwa hilo alipigwa karibu kila wiki. Watu walikaa wakingoja wake hao wararuane, wakakosa sinema yao. Walikula sahani moja na kucheka pamoja mume akitoka. Alipokutwa amekufa wote wawili walikamatwa, na wote wawili wakahukumiwa kunyongwa. Wakawekwa katika chumba kile kile nilichokaa nasuka.

Humo ndimo tumbo la bibi lilipoonekana. Tumbo hilo ni wewe. Kwa sheria ya wakati ule mwenye mimba hakunyongwa. Alingojwa ajifungue, halafu wakubwa wakae waamue kama ni msamaha au ni kamba. Bi Mkubwa alipoelewa hivyo, alimwita mkuu wa gereza akasema ni yeye peke yake aliyeua, kwamba mwenzake alikuwa usingizini na alinyamaza kwa kutishwa. Rufaa yake akaifuta. Wakamwamini. Alinyongwa ukiwa bado tumboni, na bibi, alipokwisha kujifungua, akabadilishiwa hukumu ikawa kifungo cha miaka. Ndiyo maana ulikulia pale mpaka bibi akaachiwa, nawe ukiwa na akili ya kukumbuka.

Jambo moja tu ndilo aliloomba Bi Mkubwa, asisukwe na askari, asukwe na mwenzake. Wakaruhusu. Mama Funguo alikuwa msichana mpya kazini, akawekwa mlangoni kuwalinda. Anasema bibi alisuka ile mistari ya kwenda juu huku machozi yakimtiririka bila sauti, na mstari mmoja aliusuka na kuufumua, akausuka na kuufumua, ili kazi isiishe. Mwishowe Bi Mkubwa akacheka, akamwambia amalize, shingo imemchoka kuinama. Mama Funguo alipofika hapo, mimi nililia mpaka nikaona aibu mbele ya watu.

Nilidhani yameishia hapo. Nikamuuliza Bi Mkubwa alikuwa mtu wa namna gani hata akaweza kumpiga mtu mchi akiwa usingizini. Mama Funguo akanitazama kana kwamba ananipima kama nitaweza kubeba. Akaniambia kwamba siku moja kabla ya kuuawa, yule mume alimvunja Bi Mkubwa mkono wa kulia. Mkono huo uliunga vibaya, haukupanda tena juu ya bega mpaka anakufa. Hakuweza hata kujichana. Bibi ndiye aliyemchana kila asubuhi mle chumbani. Na siku ya tukio lenyewe mkono huo ulikuwa umefungwa kifuani kwa kitambaa. Sasa mchi wa kinu, mama, wewe unaujua uzito wake. Polisi walimwona na mkono umefungwa. Daktari alimwona. Mahakamani alisimama na mkono umepinda, na hakuna aliyeuliza mtu wa mkono mmoja aliunyanyua vipi mchi. Walikuwa na wanawake wawili na maiti mmoja, wakaona inatosha.

Ni bibi, mama. Bibi ndiye aliyemuua babu. Miaka michache baadaye, wakianika mashuka gerezani, alimwambia Mama Funguo kwa kinywa chake. Mume alikuwa ameapa kwamba akiamka atauvunja na mkono wa pili, kisha akajilaza akakoroma. Bibi akaenda jikoni akauchukua mchi. Bi Mkubwa alikuwa nje, ameegemea ukuta kwa maumivu, akasikia kishindo. Alipoingia hakupiga kelele. Alimwambia bibi akae chini, akamfuta mikono, akamwambia asiseme lolote.

Tangu nilijue hili sijasuka kichwa cha mtu. Nimemwambia mwenye saluni nina homa. Nampenda bibi, na nina hasira naye, na namwonea huruma, vyote kwa pamoja, na sijui nianze na kipi. Mikono ile ndiyo iliyokulea wewe na ikatuogesha sisi. Ndiyo iliyonifundisha kazi inayonilisha. Na samahani, mama, nisiposema nitapasuka: mikono ile ndiyo iliyochota maji kwenye bomba lako mpaka siku yake ya mwisho, na siku ulipotoa lile godoro nje, bibi alikuwa ameketi pale barazani anachambua mchele. Nakumbuka aliinuka akaenda kulala mchana, jambo ambalo hakulizoea.

Sikuandikii ili kukuumiza. Kuna jambo la kufanya, na siku zinakwenda. Nilikwenda kwenye dirisha la ofisi wanaposhughulikia mifupa, nikasema nimekuja kwa ajili ya Bi Mkubwa. Karani akaniuliza mimi ni nani kwake. Nikasema mjukuu. Akauliza kwa damu ya nani, nikamweleza kwamba ni mke mwenza wa bibi yangu, basi ni bibi yangu, hesabu gani hiyo inayohitaji chuo? Akacheka kwa adabu, akasema anakubaliana na mimi lakini utaratibu haukubaliani na sisi wote wawili. Wanamkabidhi ndugu wa tumbo moja, au mtoto, na mtoto wa mume anahesabiwa kuwa mtoto wake. Wajukuu hawamo. Nilibishana mpaka foleni ikaanza kuguna. Ndugu zake Bi Mkubwa wote wamekwisha kufa. Kwa hiyo, mama, duniani kote amebaki mtu mmoja anayeweza kumchukua, na mtu huyo sasa hivi anasoma barua hii na kuniita Kiroboto mwenye kiherehere.

Ninajua ninakuomba nini. Itabidi usimame pale mbele ya watu useme wewe ni mtoto wa nani na ulizaliwa wapi. Mama Funguo yuko tayari kuwa shahidi wako, lakini siri haitakuwa siri tena. Wapangaji watasikia. Majirani ambao umewahukumu kwa madogo watapata la kusema, na wengine watalisema kwa furaha. Unaweza kukataa. Ningependa kukuandikia kwamba sitakulaumu, lakini nitakuwa nakudanganya. Nitakulaumu, na nitaendelea kukuamkia shikamoo kila siku kama kawaida.

Nakuomba tu ufikirie kwamba hakufa kwa ajili ya bibi peke yake. Mama Funguo anasema kila jioni alikuwa akiweka mkono wake mzima juu ya lile tumbo, anakungoja urushe teke, na ukirusha anamwambia askari wa mlangoni kwamba mtoto wetu ameamka. Hakusema mtoto wako. Wewe ulikuwa na mama wawili, na mmoja wao yuko chini ya saruji ana namba.

Siku ile nilipokuwa naondoka gerezani nilimuuliza Mama Funguo jina halisi la Bi Mkubwa, maana pale ukutani halipo na hata yeye muda wote alikuwa akisema Bi Mkubwa tu. Akalitaja. Nikamwomba alirudie, nikidhani masikio yamenidanganya. Bibi alikuambia amekupa jina la shangazi yake aliyefariki. Hakuwa na shangazi wa jina hilo. Yule ni somo yako, mama.

Nisalimie majirani wote, na yule fundi cherehani mwambie gauni langu asilibane kiunoni, nimenenepa. Kaka atalala hapo leo na kesho atarudi huku na lori tupu. Kiti cha mbele kina nafasi, nimemwambia aweke mto kwa ajili ya goti lako. Ukitaka ajue, utamwambia wewe mwenyewe njiani. Kitanda changu nimekitandika upya, mimi nitalala chini. Njoo na kitambulisho chako. Mungu akulinde safarini.

Na ukifika pale dirishani, karani atakuuliza jina la marehemu. Mtajie la kwako.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kiroboto